Kutoka tope hadi wavu: jinsi ya kukadiria uwezo wa uvuvi wa ghuba kwa viumbe wa sakafuni

Mwaga mchoto mmoja wa tope la ghuba kwenye sinia nyeupe, uusuuze taratibu kwa maji ya bahari. Tuseme kinachobaki ni kombe wawili wenye magamba manene, kila mmoja mzito kama yai, na kando yao kitu kama fundo la nyuzi nyekundu. Fundo hilo ni minyoo, labda arobaini, ambao wote kwa pamoja hawafiki gramu moja. Muulize yeyote aliyesimama karibu ni kipi hapo chakula cha samaki, atanyooshea kidole kombe.

Amekosea, na kosa lake ndilo linaloharibu makadirio mengi ya aina hii. Kombe wale huenda wana miaka kumi. Samaki wengi wa ghuba hawana mdomo wa kuwavunja, na kombe wenyewe mwaka mzima uliopita wameongeza nyama kiduchu. Wale minyoo watazaliana, wataliwa na kujaza tena nafasi zao kabla mwaka haujaisha. Ukipima uzito tu utaandika kombe kwa herufi kubwa na minyoo utawasahau.

Wazo la kuitathmini bahari kwa kuchota sakafu yake si geni. C. G. Johannes Petersen wa Denmark alitengeneza chombo cha taya mbili cha kunyakua kipande cha sakafu chenye eneo linalojulikana, akachapisha tathmini zake mwaka 1911 na 1913. Alitaka kujua bahari ya kwao inaweza kulisha samaki kiasi gani. Mwaka 1918 alikwenda mbali zaidi: akapiga hesabu ya mnyororo mzima wa chakula, na akaweka nyasi za bahari kwenye msingi wake. Miaka ya mwanzo ya 1930 ugonjwa ukafyeka nyasi hizo karibu kote Atlantiki ya Kaskazini, na samaki hawakuporomoka kama hesabu ilivyotaka. Vipimo vyake vya sakafuni vilikuwa vizuri. Kilichoyumba ni dhana ya nani anakula nini. Nimeiweka hadithi hii mapema ili ukifika hatua ya sita usiipite mbio.

Hatua ya 1: Chora mipaka na useme unatafuta samaki gani

Njia hii inahusu samaki wanaokula sakafuni tu. Dagaa na wenzao wanaochuja vijidudu vinavyoelea majini hawamo, hata kama ndio wanaojaza mitumbwi. Andika hilo ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu mtu atakuja kuuliza.

Kisha igawe ghuba katika kanda kulingana na sakafu: mchanga wa mdomoni, tope la katikati, nyasi za kando, na kina kirefu kama kipo. Ramani ya kina ikikosekana, timazi yenye nta au sabuni chini yake itakuletea punje za mchanga au tope, na kwa siku mbili utakuwa na mchoro unaotosha. Eneo la kila kanda lipime kwa kilomita za mraba, maana litazidishwa na kila kitu kitakachofuata. Ukikosea eneo kwa theluthi moja, jibu lote limekosewa kwa theluthi moja, hata uwe na mizani nzuri kiasi gani.

Miamba na matumbawe yaweke kando. Taya hazing'ati jiwe. Huko hutumika mbinu nyingine, ya kupiga mbizi na fremu ya mraba.

Hatua ya 2: Panga vituo kwa bahati nasibu ndani ya kila kanda

Usichague mahali panapokupendeza wala panapofikika kirahisi. Weka gridi juu ya ramani, zipe seli namba, chagua kwa kura, kisha ziingize kwenye GPS. Katika kila kituo chota mara tatu, si mara moja. Viumbe hawa huishi kwa vikundi: mchoto mmoja unaleta minyoo mia, wa hatua mbili pembeni unaleta mitano.

Vituo vingapi? Anza na sita kwa kila kanda, tafuta wastani na kosa sanifu lake (kipimo cha jinsi wastani huo unavyoweza kuyumba), ndipo uamue kuongeza au la. Kumbuka tu kwamba kulipunguza kosa hilo kwa nusu kunadai michoto mara nne. Kwa hiyo michoto ya ziada ipeleke kwenye kanda kubwa na yenye mchafukoge wa namba, si kwenye ile ambayo tayari inasema jambo moja kila ukishusha taya.

Na rudi angalau mara mbili kwa mwaka, katika misimu tofauti. Baada ya msimu wa kuzaliana utakuta vitoto vingi sana vya kombe, na miezi michache baadaye wengi wao hawapo tena. Anayechota mara moja hajui kama amekuta sikukuu au njaa.

Hatua ya 3: Kuchota

Chombo cha kawaida ni grabu ya Van Veen, yenye taya mbili kama chombo cha Petersen, ambayo hunyakua eneo la mita ya mraba 0.1. Ishushe polepole mita za mwisho, la sivyo wimbi lake mwenyewe litapeperusha tabaka la juu, na humo ndimo walimo wadogo unaowataka. Ikipanda, fungua kifuniko cha juu kabla ya kumwaga. Kama maji yaliyo juu ya tope ni safi na uso wa tope umetulia, mchoto ni mzuri. Kama gamba au kijiti kimezuia taya na maji yanachuruzika, mwaga na urudie. Ikichimba pungufu ya sentimita tano kwenye mchanga au saba kwenye tope, mwaga vilevile.

Kwenye maeneo yanayokauka, subiri maji ya bamvua yakitoka utumie bomba la plastiki lenye kipenyo unachokijua, ulisukume hadi sentimita 20. Ni rahisi na mara nyingi ni sahihi kuliko grabu.

Kabla ya kuchekecha, tumia macho na pua. Tope lenye afya lina tabaka la kahawia juu, na chini yake kijivu au nyeusi. Pima kwa rula unene wa ile kahawia. Kama nyeusi imepanda mpaka juu na inanuka mayai viza, hewa haifiki sakafuni. Pima pia oksijeni ya maji ya chini kabisa: ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hukimbia, na chakula kilichopo hakina mlaji. Nimeona watu wakiacha kuandika haya kwa sababu hayaingii moja kwa moja kwenye hesabu. Yaandike. Yatakuja kueleza namba ambayo vinginevyo ingekutoa jasho.

Hatua ya 4: Kuchekecha na kuhifadhi

Chekeche la tundu za milimita 0.5 ndilo ninalolipendekeza. La milimita 1 ni la haraka, lakini linapoteza minyoo wembamba na kamba wadogo, yaani wale wale wenye uzalishaji mkubwa (nyama mpya nyingi kwa mwaka ukilinganisha na uzito wao). Lolote utakalochagua, usilibadilishe katikati ya kazi. Tumia maji ya bahari, yamwagike kwa utulivu. Ukielekeza mpira wa maji wenye nguvu utakata minyoo vipande na baadaye hutajua ni minyoo wangapi. Sheria ni kuhesabu vichwa, na mikia haihesabiwi.

Kilichobaki kihifadhi katika formalini: sehemu moja ya formalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji ya bahari, pamoja na boraksi kidogo ili asidi isile magamba. Vaa glavu, fanya kazi mahali penye upepo, na usiiweke karibu na chakula kwenye mashua. Ni kemikali inayosababisha saratani. Baada ya siku chache suuza na uhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70.

Lebo iandike kwa penseli kwenye karatasi ngumu, uiweke ndani ya chupa. Nasema hivi kwa uchungu: niliwahi kuandika kwa kalamu ya wino juu ya vifuniko, spiriti ikavuja safarini, nikafika na chupa 14 za viumbe wazuri wasio na kwao. Hakuna hesabu inayomrudisha mnyoo kwenye kituo chake.

Hatua ya 5: Kutenganisha na kupima

Huna haja ya kumtambua kila kiumbe hadi jina lake la kisayansi. Kwa lengo hili makundi yanatosha: minyoo, kombe na chaza wadogo, kombe na chaza wakubwa, konokono, kamba wadogo na jamaa zao, kaa, viti vya pweza na ndugu zao wenye mikono myembamba, jongoo bahari, wanyama wa miiba. Ila usiunganishe wadogo na wakubwa wa kundi moja. Tofauti ya ukubwa ndiyo tofauti ya kuliwa na kutoliwa.

Minyoo watoe kwenye vijumba vyao vya mchanga. Wakaushe wote juu ya karatasi kwa muda ule ule, tuseme dakika moja, ndipo uwaweke kwenye mizani. Spiriti hubadilisha uzito, hivyo ni vizuri kusubiri kama miezi mitatu ili ubadilikaji utulie, au angalau wote wakae muda sawa.

Uzito mbichi una maji, magamba na mchanga wa matumboni. Kinachomfaa samaki ni nyama, na kipimo chake ni uzito mkavu bila majivu: kausha kwa nyuzi 60 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena, pima, choma kwenye tanuri kwa nyuzi 450 hadi 500 kwa saa chache, pima majivu, kisha uyatoe kwenye uzito mkavu. Kama tanuri hakuna, tumia viwango vya kukisia: minyoo na kamba wadogo hutoa karibu asilimia 16 ya uzito mbichi, kombe wakiwa na magamba yao karibu asilimia 6, wale wenye mikono myembamba karibu asilimia 8. Ni makisio, lakini kosa lake ni dogo ukilinganisha na yanayokuja mbele.

Hatua ya 6: Nani analiwa?

Hapa ndipo kazi inapoamuliwa, na haifanyiki baharini wala maabara peke yake. Inafanyika kwenye matumbo ya samaki.

Pata samaki wa kila aina muhimu inayokula sakafuni, angalau 30 kwa aina, wadogo kwa wakubwa, wa misimu yote. Omba matumbo kwa wavuvi wanapoparua. Wengi watakupa bure na kukucheka. Pasua, mwaga kwenye kisahani, angalia kwa lenzi. Utakuta taya nyeusi za minyoo, ndogo kama kucha ya mtoto mchanga, maana nyama huyeyuka lakini taya hubaki. Utakuta vipande vya magamba ya kamba. Na mara nyingine utakuta kitu cha kushangaza: rundo la vijirija vyeupe vilivyokatwa, na hakuna gamba hata moja. Hivyo ni vidomo vya kombe waliojifukia, ambao samaki bapa wachanga huvichuna vinapochungulia juu ya mchanga. Kombe mwenyewe hafi. Anaotesha kirija kingine. Mikono ya wale ndugu wa viti vya pweza, ambao nitawaita nyota zenye mikono myembamba, nayo huchunwa hivyo hivyo na kuota upya. Kwa hiyo kiumbe uliyemwandika "haliwi" anaweza kuwa analipa kodi kidogo kidogo kila siku. Usimfute moja kwa moja. Mpe sehemu ndogo ya uzalishaji wake kama matumbo yanathibitisha.

Ukimaliza, pitia orodha yako ya makundi na uweke alama tatu: analiwa, analiwa kidogo, haliwi. Wanyama wa miiba wanaojifukia mchangani na kombe wakubwa mara nyingi huangukia la tatu. Kwenye ghuba nyingine kundi hilo ni zaidi ya nusu ya uzito wote.

Kumbuka pia asiyeonekana kwenye grabu. Kamba wakubwa na kaa hukimbia taya zikishuka, na wachimba mashimo marefu hukaa zaidi ya sentimita 30 ndani ya sakafu, mbali na chombo chako. Kama matumbo yamejaa hao na michoto haina, grabu imekudanganya kwa kukaa kimya. Ongeza nyavu ndogo za kukokota au hesabu ya mashimo.

Hatua ya 7: Kutoka uzito hadi uzalishaji

Uwiano wa uzalishaji wa mwaka kwa uzito uliopo hutegemea sana umri wa kuishi. Mtafiti Robertson mwaka 1979 alionyesha uhusiano ambao kwa mahesabu unatoa takriban hivi: anayeishi mwaka mmoja huzalisha mara 4.6 ya uzito wake, miaka miwili mara 2.8, miaka mitano mara 1.4, miaka kumi mara 0.9. Umri wa kombe unasomeka kwa mistari ya gamba pale misimu inapotofautiana. Wa minyoo unakisiwa kwa kufuatilia makundi ya ukubwa kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Kwenye maji ya joto maisha ni mafupi, kwa hiyo usinakili umri kutoka kitabu cha bahari baridi.

Hatua ya 8: Kutoka uzalishaji hadi samaki

Twende na mfano wa kubuni. Kanda ya tope, kilomita za mraba 4. Wastani kwa mita moja ya mraba ni gramu 60 mbichi: minyoo 8, kombe wadogo 20, kamba wadogo 2, nyota zenye mikono myembamba 30. Mwenye haraka angezidisha na kutangaza tani 240 za chakula cha samaki. Sisi tunaendelea.

Nyota tunaziondoa, kwa kuwa katika mfano huu matumbo hayakuwa nazo. Waliobaki (kizidisho cha kwanza ni sehemu ya nyama kavu ya hatua ya 5, cha pili ni uwiano wa hatua ya 7):

Minyoo: 8 × 0.16 = 1.28, mara 3 = gramu 3.84
Kombe wadogo: 20 × 0.06 = 1.20, mara 1.4 = gramu 1.68
Kamba wadogo: 2 × 0.16 = 0.32, mara 5 = gramu 1.60

Jumla ni gramu 7.12 za nyama kavu kwa mita ya mraba kwa mwaka. Tazama kamba wadogo: gramu mbili mbichi zimekaribia kuwafikia kombe wa gramu ishirini.

Samaki hawali peke yao. Kaa, konokono wawindaji, viti vya pweza na ndege wana sahani zao. Tuwape samaki asilimia 30, inabaki 2.14. Kati ya chakula kinacholiwa, karibu sehemu moja kwa kumi hugeuka mwili wa samaki: 0.214. Samaki mbichi ni kama mara tano ya nyama kavu: gramu 1.07 kwa mita ya mraba, ambayo ni sawasawa na tani 1.07 kwa kilomita ya mraba. Kwa kanda nzima, tani 4.3 za samaki wapya kwa mwaka.

Hizo si tani za kuvua. Mtaalamu wa uvuvi John Gulland alipendekeza, kwa samaki ambao bado hawajavuliwa, kuzidisha kiwango cha vifo vya asili kwa uzito wa samaki waliopo, kisha kuchukua nusu ya jibu, na baadaye ikaonekana kwamba hata nusu ni ukarimu kwa aina nyingi. Chukua nusu kama dari, tani 2.1, na theluthi kama namba ya kufanyia kazi, tani 1.4.

Rudia hesabu hiyo kwa kila kanda, kisha jumlisha. Usiwahi kuchanganya michoto ya kanda zote kutafuta wastani mmoja wa ghuba.

Hatua ya 9: Andika upana, kisha nenda sokoni

Rudia mfano kwa makisio ya chini na ya juu. Samaki wakipata asilimia 20 na ufanisi ukiwa asilimia 8, tope letu linatoa tani 0.57 kwa kilomita ya mraba. Wakipata asilimia 50 na ufanisi ukiwa 15, ni tani 2.67. Hiyo ni tofauti ya karibu mara tano, na haitokani na mizani wala chekeche. Anayekuletea jibu la namba moja yenye desimali mbili amekuficha kitu. Mimi huandika upana wote, naweka namba ya katikati kwenye mabano, na chini yake naorodhesha ni asilimia zipi nilizokisia na zipi nilizopima.

Angalia pia kama michoto yako inatoka mahali palipochafuliwa. Karibu na maji taka, aina za viumbe hupungua lakini minyoo wadogo wa aina chache hujaa kwa maelfu. Watafiti Pearson na Rosenberg walieleza mpangilio huo mwaka 1978. Kwa hesabu yetu kituo hicho kitang'aa kwa sababu minyoo wale wana uzalishaji mkubwa. Rudi kwenye daftari: tabaka la kahawia lilikuwa na unene gani, oksijeni ilikuwa kiasi gani? Kama samaki hawathubutu kukaa pale, kitenge kituo hicho kuwa kanda yake na ukipe asilimia ndogo kabisa ya kuliwa.

Hatua ya mwisho ni kulinganisha na samaki wanaoshuka kwenye fukwe za ghuba hiyo, wale wa sakafuni tu, kwa mwaka mzima. Wakiwa pungufu sana kuliko makadirio, ama uvuvi ni mdogo, ama samaki wameshavuliwa hadi hawabaki wa kula chakula kilichopo. Ukubwa wa wanaoshushwa utakuambia ni lipi. Wakizidi makadirio mara mbili tatu, kwanza muulize mvuvi alivua wapi. Mara nyingi atakuambia wavu ulitupwa nje ya mdomo wa ghuba, mahali ambapo grabu yako haijawahi kugusa.